Kwa fundi mpya wa kompyuta za malipo

Mdogo wangu, sasa umeanza kuzunguka madukani hapa Lubumbashi ukitengeneza kompyuta za malipo. Jambo utakalolisikia mapema ni hili: "Namba za kadi zimefungwa kwa siri, hakuna anayeweza kuzisoma." Patroni ameambiwa hivyo na aliyemuuzia programu, naye atakuambia wewe. Ni nusu ya ukweli. Kwenye diski zimefungwa, na njiani kuelekea benki zimefungwa. Lakini kadi ikishapitishwa, kabla programu haijaifunga namba, kuna kitambo kidogo ambapo namba hiyo iko wazi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ile RAM. Mwizi anaivizia hapo.

Programu yake haivunji siri yoyote. Inapekua kumbukumbu tu, usiku na mchana, ikitafuta umbo fulani: tarakimu za kadi, mara nyingi 16, kisha alama ya usawa, kisha mwaka na mwezi kadi inapokwisha. Ndivyo ukanda wa sumaku ulivyoandikwa kwenye mstari wake wa pili, iwe kadi ya benki ya hapa au ya Johannesburg. Ikiona umbo hilo, inalipima kwa hesabu ya Luhn, ile inayoonyesha kama tarakimu zinaweza kweli kuwa namba ya kadi, ili isibebe namba za risiti bure, inaficha ilichopata kwenye faili, na baadaye inakituma nje.

Huko Marekani, maduka ya Target yalipekuliwa hivyo kuanzia 27 Novemba hadi 15 Desemba 2013, msimu wa manunuzi ya Krismasi, na kadi kama milioni 40 zikaibwa. Mwaka 2014 ikawa zamu ya Home Depot, kadi milioni 56. Watu husimulia ukubwa wa namba hizo. Mimi huangalia mlango. Target waliingiliwa kwa nywila ya kampuni iliyokuwa ikiwahudumia majokofu. Home Depot nao, nywila ya kampuni ya nje. Fundi wa nje, yaani mimi na wewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nami sikuwa bora. Miaka yangu ya mwanzo niliweka programu ya kuingilia kutoka mbali kwenye maduka sita, nywila moja kwa yote: jina la mtoto wangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Kutoka Katuba hadi katikati ya mji wakati wa mvua si mchezo, nikajiambia nitatengeneza nikiwa nyumbani. Siku moja mama mmoja wa kaunta akaniambia mashine ya pili "inapumua" hata dukani kusipokuwa na mteja. Nikacheka, nikamwambia ni vumbi. Wiki iliyofuata nikafungua orodha ya programu zinazoendeshwa na kukuta svchost.exe inayotoka kwenye folda ya mtumiaji. Ile halali, ambayo ni sehemu ya Windows yenyewe, hukaa kwenye folda ya mfumo iitwayo System32, tena kwa kawaida huanzishwa na programu nyingine ya Windows, services.exe. Hii ilikuwa mgeni aliyevaa sare ya nyumba.

Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko la nywila. Nikazima mashine, nikaifuta, nikaweka Windows upya, nikaenda kula bukari yangu nikijiona shujaa. Benki ilipokuja kuuliza ni kadi zipi zilipita na tangu lini, sikuwa na hata mstari mmoja wa kuwaonyesha. Ushahidi ulikuwa kwenye kumbukumbu ileile, na umeme ukiondoka, kumbukumbu inapotea.

Kwa hiyo ukishuku, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, lakini mashine iache inawaka. Hakikisha betri ya akiba inafanya kazi, maana unajua umeme wetu. Piga picha ya skrini kwa simu, andika saa, mwite patroni, naye aite benki. Kufuta kutakuja baadaye.

Kuhusu kinga nina msimamo ambao wauzaji wa programu hawaupendi. Maduka mengi bado yana kile kifaa kidogo cha benki kilicho peke yake, na muuzaji anaandika kiasi upya kwa mkono. Watakuambia ni ushamba, kiunganishwe na kompyuta. Usiharakishe. Kikiwa peke yake, kompyuta haiioni kadi kabisa, na mwizi akiingia atakuta bei za sukari. Ukilazimika kuunganisha, dai kifaa kinachofunga namba ndani yake chenyewe kabla ya kuitoa. Chipu nayo inasaidia, kwa sababu kila malipo hutoa msimbo wa mara moja, hivyo ni vigumu kutengeneza kadi bandia ya kulipia dukani. Haimaanishi kwamba namba haiwezi kusomwa.

Mengine ni kazi ya kawaida: mashine ya malipo izungumze na anwani chache unazozijua, nyingine zote faiawoli izikatae, mtoto wa patroni asichomeke flashi ya muziki pale, Windows 7 iondoke, haina msaada tangu Januari 2020. Programu ya kuingilia kutoka mbali iwake ukiitwa tu, izimwe ukimaliza, na kila duka liwe na nywila yake.

Na ukifika dukani, kabla hujagusa kibodi, muulize mama wa kaunta mashine yake imekuwaje wiki hii. Usimjibu kuhusu vumbi.