Taa ya jikoni ikae mbele ya mpishi

Katika nyumba zetu za vijijini huku Dodoma, jiko la nje ndilo hupewa taa mwisho. Sebule inafungwa taa tatu na moja ya urembo, jikoni inaning'inizwa globu moja katikati ya kenchi, basi, mama ameshawekewa umeme. Akisimama mezani kukata nyanya, globu iko mgongoni mwake na kivuli chake kimelala palepale kisu kinapopita.

Nimefunga taa za sola za volti 12 kwenye jiko la mama mkwe kule Mvumi, kisha kwetu, kisha kwa majirani walioona. Kila anayeniuliza namwambia asikimbilie globu kubwa. Wati 12 zikiwa nyuma yako zinakuongezea kivuli tu. Wati 5 zikiwa mbele yako, chini ya rafu ya vyombo, zinatosha kuchambua mchele na kukiona kijiwe kabla hakijafika kwenye jino la mgeni.

Kabla hujanunua chochote, ngoja giza liingie, washa tochi ya simu, mpishi asimame anapofanyia kazi. Isogeze simu juu, chini, kushoto, mpaka mikono yake isiwe na kivuli, halafu weka alama ya chaki. Kwa mama mkwe, mke wangu ndiye aliyesimama. Mkwe haingii jikoni kwa mkwewe akaanza kumpanga huku na huku. Alama zikawa mbili: moja chini ya rafu, nyingine ubavuni mwa jiko la mkaa, ili mtu aone ndani ya sufuria anaposonga ugali. Katikati ya paa haikuwekwa alama yoyote.

Chini ya rafu napenda taa za mkanda, zile LED ndogondogo zilizopangwa kwenye utepe. Huuzwa kwa roli la mita 5, na ule wa volti 12 kwa kawaida unakatika kila baada ya taa tatu, penye alama. Mkanda mwepesi wa taa 60 kwa mita hula karibu wati 5 kwa mita. Ule mzito hufika 14, na jikoni hauna kazi. Usiubandike moja kwa moja kwenye ubao wenye masizi, gundi itaachia ndani ya wiki. Uweke kwenye mfereji wa aluminiamu wenye mfuniko mweupe: joto linatoka, mwanga unatawanyika, na kufuta ni rahisi.

Rangi ya mwanga pia iangalie. Mwanga mweupe wenye ubuluu, 6500 K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), ndio umejaa madukani, lakini nyama huonekana ya kijivu hata kama imechinjwa asubuhi. Tafuta 3000 K, au 4000 ukikosa. Huo wa manjano una faida nyingine mvua zinapoanza Desemba: wadudu hawaufuati sana kama wanavyoufuata mweupe, na hakuna anayependa kumbikumbi ndani ya mlenda.

Sasa waya, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Umeme wa volti 12, huu ulio kwenye magari na boti, hupungua nguvu haraka ukisafiri kwenye waya mwembamba. Chukua mfano wa betri iliyo ndani ya nyumba na jiko lililo mita 15 uani. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 30. Kwa taa za wati 10, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utapoteza kama volti 0.3, hutaona tofauti. Ukitumia waya wa spika wa nusu milimita ya mraba, unapoteza karibu volti 0.9, betri ya jioni yenye volti 12.3 inafikisha jikoni 11.4, na mkanda unafifia. Mwenye nyumba atalaumu betri, wakati mwingine atanunua nyingine. Nunua 1.5, na ukitarajia kuongeza redio au kuchaji simu kulekule, nunua 2.5.

Fyuzi iwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Wati 10 kwa volti 12 hazifiki hata ampea 1, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha. Fundi wengi huiruka wakisema volti 12 haimrushi mtu. Ni kweli haimrushi, ila panya akitafuna waya mpaka shaba zigusane, betri ina nguvu ya kuuchoma waya huo ukiwa juu kwenye miti ya paa.

Wenye majiko ya tembe, yale ya paa bapa la udongo, wana jambo moja zaidi. Mle ndani ni giza hata saa sita mchana, kwa hiyo taa zinawashwa wakati sola inachaji, na betri hapo inaweza kufika volti 14.4. Mkanda wa bei poa unachemka na kufa mapema. Weka kidhibiti volti kidogo kinachotoa 12 kamili.

Swichi ikae karibu na mlango, upande ambao mlango haufunikii ukifunguliwa. Vumbi la kiangazi na masizi vikishikana juu ya mfuniko, mwanga unapungua sana, kwa hiyo zima taa na ufute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo kila wiki. Nikiitwa kwa malalamiko ya "taa imeisha nguvu", kitambaa hicho ndicho ninachoanza nacho kabla ya kufungua kifaa chochote.