Huo unga wa "kuongeza kinga" usiingie mdomoni mwa mama mkwe wako

Dada wa Nachingwea, umeandika kwamba mama mkwe wako amepandikizwa figo huko Dodoma, kwamba jirani amewaletea unga wa mizizi wa kuongeza kinga, na kwamba mmeambiwa akishauzoea atapunguza vidonge vya hospitali. Umeuliza pia kuhusu chakula, nauli za kliniki na lini atarudi kwenye mikorosho yake. Kabla ya yote hayo, chukua huo unga uuondoe jikoni, kisha urudi kusoma.

Mtu mwingine akiongezewa kinga huenda akanufaika, lakini mama mkwe wako akiongezewa kinga anaweza kupoteza figo. Ile figo ni ya mwili mwingine, na seli T, ambazo ni chembe nyeupe za damu, huitambua kuwa ngeni hata kama imetoka kwa ndugu wa tumbo moja. Takrolimasi, dawa ya kupunguza kinga anayomeza asubuhi na jioni, hukizuia kimeng'enya kiitwacho kalsinurini ndani ya seli hizo, nazo zikakosa ishara ya kuongezeka na kushambulia. Kinga yake imepunguzwa kwa makusudi, na haipaswi kupandishwa na mtu yeyote.

Figo niliyomtolea mdogo wangu ilikuwa yangu ya kushoto, na ilifanya kazi vizuri mpaka msimu wa korosho ulipoanza, watu wakalipwa, na muuzaji mmoja akaingia mtaani kwetu hapa Mtwara na gari lenye kipaza sauti. Mdogo wangu alimweleza wazi kwamba amepandikizwa figo. Yule bwana hakuuliza anatumia dawa gani, hakuuliza kliniki yake ni lini, bali alimwuzia unga wenye rangi ya ugoro ndani ya chupa ya maji iliyokwisha tumika, yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: figo, sukari, kinga, nguvu za kiume. Akamwambia achanganye na uji, na vidonge vya jioni aviache kwa kuwa "vinagombana na dawa ya asili". Mtu anayethubutu kumwachisha mgonjwa dawa asiyoijua, kwa faida ya chupa moja, simsamehi.

Jambo baya zaidi ni kwamba hakuumwa. Alisema anajisikia mwepesi, akala vizuri, akawasifia wenzake ule unga, kwa sababu kukataliwa kwa figo mara nyingi huanza kimyakimya. Tulishtuka viatu vilipoanza kumbana na alama ya soksi ikabaki imezama mguuni. Alipopimwa, shinikizo la damu lilikuwa limepanda, kreatinini, taka ya damuni ambayo figo nzima huichuja, imepanda, na kiwango cha takrolimasi katika damu kimeanguka. Daktari aliuliza ndani ya chupa mna mti gani, na hakuna aliyeweza kumjibu. Figo haikuokolewa. Sasa anaishi kwa jamaa zetu Dar es Salaam ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara.

Hata asingeacha kidonge kimoja, mmea peke yake unatosha kuharibu. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuikataa mioyo hiyo baada ya kutumia haiperikamu, mmea wa maua ya manjano unaotumiwa kutuliza huzuni. Kiambata chake kiitwacho haipaforini huliamsha ini livunje dawa upesi, na kiwango cha saiklosporini, dawa nyingine ya kupunguza kinga, kikashuka. Balungi hufanya kinyume chake: huzuia uvunjaji wa dawa kwenye utumbo, dawa ikazidi katika damu na kuiumiza figo ileile inayolindwa.

Mchangiaji mwingine aliyeandika kwamba bizari ya manjano hutuliza seli za kinga hajakosea kuhusu maabara, kwani kiambata chake, kurukumini, huonekana kufanya hivyo. Mmea mmoja wa China hutoa triptolaidi, ambayo imerefusha maisha ya viungo vilivyopandikizwa kwa wanyama wa majaribio, na mmea huohuo ni sumu. Kutoka hapo hadi kijiko cha unga usiojulikana ni mbali mno. Na wanaojiandaa kuniita adui wa dawa za asili wajue kwamba bibi yangu wa Newala alitibu kwa mizizi, na mwarobaini umesimama uani kwangu mpaka leo. Takrolimasi yenyewe ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Tofauti ni kwamba kiasi chake kinajulikana na hupimwa katika damu.

Kwa hiyo mizizi, majani, magome, mafuta au chai ya dawa visimguse mpaka daktari wake wa figo avijue kwa majina na akubali. Kama ameshaonja, pigeni simu kliniki leo. Asiongeze wala kupunguza vidonge kwa kukisia. Damu ya kupima takrolimasi hutolewa asubuhi kabla hajameza dozi, takribani saa 12 baada ya ile ya jioni, basi aende na kidonge chake mkononi, na ule unga mwupeleke pamoja naye.