Jengeni baraza kabla ya kuandaa sherehe

Nimefanya kazi katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja kwa miaka 17. Nilianza kwa kutandika vitanda, na sasa nashughulikia utumishi. Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wa ofisi nyingine ni hili: mnafanyaje hata wafanyakazi wakajaliana? Jibu langu lina historia chungu kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza ofisini, mpishi wetu mmoja, kijana wa Wete, Pemba, alifiwa na mama yake. Alinijia asubuhi mapema kuomba ruhusa. Nikamtilia saini siku zake, nikamwambia Mungu amrehemu mama, naye akakimbilia bandari ya Malindi, hapa Unguja, kuwahi boti. Mimi nikarudi kwenye makaratasi yangu. Aliporudi nilimuuliza mazishi yalikwendaje. Akainama, akasema taratibu: "Yalikwenda salama, dada. Lakini wazee waliniuliza, huko Unguja unafanya kazi peke yako?"

Aliyekulia visiwani anajua uzito wa swali hilo. Kwetu maziko hayana mwaliko. Ukisikia, unakwenda, usipoweza kwenda, unapeleka ubani, yaani mchango wa rambirambi, usipokuwa nao, unakwenda kukaa tu na wafiwa. Tulikuwa wafanyakazi zaidi ya 80 na hakuna hata mmoja aliyempigia simu kijana yule. Wengine, waliokuwa wakipishana naye jikoni kila siku, walijua habari baada ya wiki.

Na si kwamba hoteli ile ilikuwa haitumii fedha kwa ajili ya "umoja". Kila mwaka ilifanyika sherehe kubwa yenye fulana za rangi moja, muziki, pilau na zawadi ya mfanyakazi bora. Lakini ukitazama namna watu walivyokaa, ungeona Wapemba pembe yao, watu wa Mjini pembe yao, waliotoka Bara pembe yao, na wenyeji wa kijiji chenyewe karibu na mlango, kama wageni kwenye ardhi yao. Kesho yake kantini ilikuwa vilevile.

Nikawa najiuliza, mbona mtaani watu wale wale hawakai hivyo? Nikakumbuka baraza. Ukipita Mji Mkongwe unaona viti vya mawe vilivyojengwa kuambatana na kuta za nyumba. Mvua kubwa zikijaza maji kichochoroni, watu hupita juu yake. Siku nyingine zote ni pa kukaa, na mtu haalikwi barazani. Anapita, anatoa salamu, anasogezewa nafasi. Pale Jaws Corner utamkuta mchukuzi amekaa na mwalimu wanasubiri kahawa ya dele moja, birika la kahawa, na aliyenyamaza saa nzima ameshiriki sawa na aliyesema saa nzima.

Hotelini kwetu zamu ya asubuhi ilikwisha saa tisa, na basi la wafanyakazi liliondoka saa tisa na nusu. Nusu saa ile watu walisimama nyuma ya geti, kila mmoja na simu yake. Nikaomba saruji, mawe na chokaa. Fundi alikuwa wetu wenyewe, wa idara ya matengenezo. Alijenga baraza mbili zinazotazamana chini ya mti wa mkungu, palepale njiani. Nasisitiza palepale njiani kwa sababu nimeona hoteli nyingine ikitoa chumba kizuri cha mapumziko, kina makochi na televisheni, na watu wakaenda kutazama televisheni. Kisha nikakubaliana na mzee mmoja wa kijijini awe analeta kahawa na kashata saa tisa kila siku, ofisi ilipe.

Wiki ya kwanza nilikosea. Nilikwenda barazani na karatasi ya matangazo mkononi, na watu wakanyanyuka mmoja mmoja. Tangu hapo bosi anayekaa pale, awe mimi au meneja, hazungumzi kazi. Ukiwa na neno la kazi, mwite mtu ofisini.

Ilichukua miezi. Lakini baraza ndiyo iliyozaa daftari la ubani, wala si mimi. Walilianzisha wenyewe, nami nikaombwa mambo mawili tu. La kwanza, mchango uwe sawa kwa wote, meneja na mfagiaji, na uwe mdogo kiasi cha kutomuumiza wa chini kabisa. La pili, ofisi ilipe nauli ya boti kwa watu wawili kila msiba unapotokea Pemba. Fedha hushikwa na watu wawili wa idara tofauti, na ofisi yangu haizigusi. Wanaotumwa nao wawe wa idara tofauti, ili habari za mwenzao zisibaki jikoni tu au kwa madobi tu.

Safari moja aliyetumwa alikuwa mlinzi, Mkristo wa Mwanza, ambaye hajawahi kufika Pemba. Alishuka bandari ya Mkoani, akapanda gari mpaka kijijini, akasubiri nje ya msikiti wakati wa sala, kisha akafuata jeneza hadi makaburini. Aliporudi kazini, meza ya Wapemba kantini ilimsogezea kiti bila ya mtu kusema neno. Baadaye alipofiwa na baba yake na akashindwa kusafiri, wenzake wanne waliovaa mabuibui walikwenda kukaa naye nyumbani kwake jioni mbili mfululizo. Mimi sikuwatuma.

Ramadhani ilihitaji mkono wa ofisi. Zamani wahudumu wa mgahawa walifuturu kwa tende moja, wamesimama nyuma ya mlango wa jikoni, huku wageni wakisubiri chakula cha jioni. Sasa ratiba imeandikwa wazi: adhana ya magharibi ikisikika, wasiofunga wanashika meza zote kwa dakika 20, na waliofunga wanakaa kwenye sinia kama watu. Krismasi na Pasaka mambo hugeuka. Usiliache jambo hili liwe fadhila ya mtu kwa mtu, maana fadhila huchosha na hudaiwa. Liandikwe mapema kwenye ratiba.

Kuna mambo mawili nakusihi uyaepuke. Upatu wa kazini usiendeshwe na msimamizi, kwani hakuna wa chini yake atakayeweza kumkatalia. Na usimwambie mfanyakazi "sisi sote ni ndugu" wakati mshahara wake umechelewa. Yalitutokea mwaka mmoja. Kahawa ilikuwepo, baraza imejaa, lakini nilipokaribia wote walinyamaza. Walikuwa na haki. Nilikwenda kwa wakubwa nikawaambia kwamba kashata haziwezi kufunika deni, na hilo ndilo lililofuatiliwa kwanza.

Siasa nazo zitakuja, hasa mwaka wa uchaguzi, na visiwani tunajuana. Nilidhani nipige marufuku. Wazee wa barazani wakanizuia, wakasema ukiwafukuza hapa watagawanyika na kwenda kusemana mafichoni. Walikubaliana wao tu kwamba nguo za chama zisiingie kwenye basi.

Jambo ambalo bado linanihangaisha ni masika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hufungwa au hupunguza watu, na umoja wa mwaka mzima unaweza kuyeyuka kwa wiki nane. Anayerudi shamba, anayekwenda Bara na anayebaki bila ya kipato hawalingani hali. Kwa hivyo kabla hatujafunga tunagawana majina barazani, kila mmoja watu watatu wa idara nyingine, awapigie simu mara moja kwa wiki awaulize hali. Mwaka huu simu moja kama hiyo ndiyo iliyotujulisha kwamba dobi wetu mmoja wa Makunduchi amelazwa, na siku ya pili walikuwa wamemfikia.

Daftari sasa linashikwa na dada mmoja wa mapokezi pamoja na yule mpishi wa Wete. Mpishi ndiye aliyenipigia simu usiku ule, akaniuliza kama nauli ya kwenda Makunduchi nayo inaweza kulipwa na ofisi, au iandikwe pale pale kwenye daftari.