Namba ya kasha imekubali, je, sarafu ya Tabora ni halali?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Nansio, Ukerewe, na nakusanya sarafu za zamani. Kuna mtu hapo Mwanza anauza rupia 15 ya dhahabu ya Mjerumani, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo. Imo ndani ya kasha la plastiki la PCGS, kampuni inayokagua sarafu na kuzipa madaraja, lenye lebo ya MS62, yaani daraja la 62 kati ya 70. Namba ya kasha nimeiingiza kwenye tovuti yao ikakubali: mwaka, aina na daraja vyote vinalingana. Anataka nilipe wiki hii, anasema kuna mteja wa Nairobi anamsubiri. Nikinunua nitakuwa salama?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usilipe bado. Namba kukubali kunathibitisha jambo moja tu: kwamba PCGS waliwahi kupokea sarafu ya aina hiyo, wakaipa daraja hilo na kuiandikisha kwa namba hiyo. Haithibitishi kwamba sarafu hiyo ndiyo aliyoishika muuzaji wako. Wanaotengeneza makasha feki hawana haja ya kubuni namba. Wanazinakili kutoka kwenye picha za minada zilizo wazi mtandaoni, wanachapa lebo, kisha wanafungia humo sarafu yao. Ulichosoma kwenye skrini kinaweza kuwa kweli tupu, lakini kinahusu sarafu iliyo nyumbani kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo rudi kwenye ukurasa uleule utafute picha. Sarafu nyingi za thamani zilizopita PCGS au NGC, kampuni mbili kubwa za Marekani zinazofanya kazi hii tangu 1986 na 1987, zimepigwa picha pande zote mbili. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako. Usiskani msimbo ulio kwenye lebo, maana unaweza kukupeleka kwenye tovuti ya kuigiza. Ukiipata picha, ikuze, halafu kaa na sarafu kwenye mwanga wa dirisha ukiwa na lenzi ya sonara inayokuza mara kumi. Usianze na sarafu nzima. Chagua alama tatu kwenye picha, tuseme mkwaruzo shingoni mwa tembo, doa karibu na 1916, na kijishimo kwenye sehemu tupu juu ya mgongo. Dhahabu ni laini, na sarafu iliyogongana na wenzake mfukoni ina makovu yake peke yake, kama alama za vidole. Zote tatu ziwe palepale. Moja ikikosekana, hiyo si ile. Mikwaruzo ya plastiki isikuchanganye: inamisha kasha kidogo kidogo, na mkwaruzo wa plastiki utaonekana unahama juu ya sarafu, ila kovu la sarafu litabaki pale pale.

Nasisitiza makovu kwa sababu ndiyo yaliyoniokoa. Mwaka jana walinijia wateja wawili, wiki mbalimbali, kila mmoja na tembo wake ndani ya kasha. Namba tofauti, madaraja tofauti. Lakini zote mbili zilikuwa na kijishimo kilekile juu ya sikio la tembo, kina kilekile. Sarafu mbili haziwezi kuumia mahali pamoja namna ile. Zilitoka kwenye kalibu moja, iliyochukuliwa kutoka sarafu moja halisi pamoja na kovu lake. Mmoja wa wale wateja alikuwa ameshauza pikipiki yake ili ainunue, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Sarafu hii yenyewe inakupa kipimo kingine. Ilipigwa kwenye karakana ya reli Tabora wakati Wajerumani wamefungiwa njia ya bahari, kwa dhahabu ya Sekenke, Singida ya leo, na zilitoka kama 16,000 hivi. Zipo aina mbili. Tazama urembo uliojikunja karibu na neno OSTAFRIKA: upande wa kulia, ncha yake huishia chini ya herufi T au chini ya A ya kwanza. Ikiwa picha ya tovuti inaonyesha A na sarafu inaonyesha T, funga mazungumzo hapo hapo. Na kwa lenzi angalia kingo za herufi. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo ya mashine ina herufi zenye kona kali. Ya kumiminwa ina herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine vinyweleo vidogo vya hewa.

Kasha nalo likague, ingawa mimi silitegemei sana. Hologramu ibadilike rangi unapoigeuza, maandishi ya lebo yasiwe na ukungu, na maungio ya plastiki yasiwe na gundi wala dalili ya kubanduliwa. Feki za siku hizi zinapita hapo vizuri tu.

Uzito unasaidia hata bila kufungua. Sarafu halisi ina gramu 7.17, kipenyo milimita 22, dhahabu ya karati 18. Shaba nyeupe au ya njano ya ukubwa huo iliyopakwa dhahabu haifiki hata gramu tano. Omba kasha jingine la PCGS la toleo lilelile, lenye sarafu ambayo uzito wake unajulikana, uyapime yote mawili kwenye mizani ya dhahabu, kisha utoe uzito mmoja kwenye mwingine: tofauti ikaribiane na ile ya uzito wa sarafu hizo mbili. Sumaku haitakwambia kitu, kwa sababu shaba nayo haivutwi. Mashine ya eksirei tunayopimia dhahabu hapa Mwanza pia usiitegemee kupitia plastiki: plastiki inapunguza mionzi, na hata sarafu ikiwa nje, mashine inasoma ngozi ya juu tu, ambako ndiko walikopaka.

Huyo mteja wa Nairobi asikukimbize. Mwambie muuzaji mkutane kwa sonara unayemwamini wewe, upige picha pande zote mbili na lebo, ndipo mzungumze bei. Akikataa sarafu yake kupigwa picha, panda meli urudi Nansio na hela yako. Na kama umeshatoa chochote, usivunje kasha hata ukiwa na hasira kiasi gani. Lipeleke polisi likiwa zima, pamoja na ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu yako.