Venice: wageni wanaisifu, binamu analalamika, umsikilize nani?

Ndugu, umeuliza kwa nini rafiki zako waliotembelea Venice, mji wa mifereji huko Italia, wanaisifu ilhali binamu yako anayeishi huko analalamika, nawe una siku mbili tu. Wote wanasema kweli. Wageni hufurika San Marco, penye uwanja mkuu, na Rialto, penye daraja maarufu, kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Saa hizohizo mwenyeji anataka kwenda kazini kwa vaporetto, boti la abiria, analikuta limejaa masanduku. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Tangu 2022 hawafiki 50,000. Nyumba nyingi zimegeuka za kulaza wageni, na inaumiza kuona duka la mboga likigeuka la barakoa za kanivali za kuuzia watalii.

Lala humohumo mjini. Kuna siku za msimu ambapo wageni wa kutwa hulipa ada ya kuingia. Wanaolala hawalipi, ila lazima wajisajili mtandaoni mapema wapate msimbo wa msamaha. Ukisahau hili unaweza kupigwa faini.

Toka saa moja asubuhi. Soko la samaki la Rialto hufungwa Jumapili na Jumatatu. Mchana hamia mitaa ya Castello ya mashariki au Cannaregio, mbali na msongamano. Tiketi ya vaporetto ya dakika 75 ni yuro 9.50, igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, na vua begi la mgongoni.

Beba sanduku dogo, maana madaraja mengi yana ngazi. Pita kulia, usisimame katikati kupiga picha, wala usikae kwenye ngazi kula.