Pesa ya viza ilale siku 28, mzee asiiguse hata elfu kumi

Mkuu, simama hapohapo. Usimpe huyo wakala wa viza hata mia.

Nimesoma swali lako chai ikanipoa mkononi. Uko Urambo, Tabora, chuo cha Uingereza kimekukubali, unauliza habari za IELTS (ule mtihani wa Kiingereza), barua ya kujieleza, kipimo cha kifua kikuu, halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo, unatupia: "wakala kasema mzee ajaze akaunti siku tatu kabla ya kutuma maombi, wanaangalia salio la mwisho tu." Sasa hilo ndilo swali. Hayo mengine ni mapambo.

Sentensi hiyohiyo niliuziwa mimi mwaka 2024 kwa laki nane. Muuzaji alikuwa na ofisi Dar, viti vya kuzunguka, simu tatu mezani, na ukutani ramani ya dunia ambayo sidhani kama aliwahi kuisoma. Ananiita "mdogo wangu". Kila nikiuliza kitu anacheka kwanza, ndipo anajibu. Nami mtoto wa mwisho wa reli, nikaona anayecheka hivyo lazima anajua.

Hajui. Sheria yenyewe iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure, na ningeisoma kwa bando la elfu moja. Pesa zote zinazotakiwa, yaani ada iliyobaki pamoja na ya kujikimu, zikae benki siku 28 mfululizo. Mfululizo, mkuu. Si wastani wake wala salio la siku ya mwisho. Salio likishuka chini ya kiwango siku moja tu, hata kwa shilingi kumi, unaanza kuhesabu upya kutoka moja. Na ile siku ya 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 hadi siku unayotuma maombi na kulipia.

Sasa sikiliza kilichonipata. Baba yangu ni mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi, Kigoma. Tuliuza kiwanja, mjomba akaongeza, chuo tukakilipa sehemu ya ada, na tarehe 5 Julai akaunti ya mzee ikajaa. Wakati ule ya kujikimu ilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi nje ya London, miezi 9, kwa hiyo pauni 9,207. Hiyo peke yake ilikuwa zaidi ya milioni 30 za kwetu, bado ada iliyobaki. (Viwango vimepanda tangu hapo, angalia vya sasa, usikopi vyangu.) Mzee hajawahi kuona salio namna ile. Akawa anaenda benki kuulizia tu, afurahi, arudi.

Kwa wasiojua ziwa Tanganyika: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Julai ile mwezi mpevu ulikuwa tarehe 21. Tarehe 27 giza limerudi, mitumbwi imeshuka imejaa, bei imelala chini, na baba yangu ana mamilioni benki "yamekaa tu". Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akatoa milioni 4, akanunua mzigo, akauanika, akauza, tarehe 31 akarudisha milioni 5. Aliniambia kwa fahari kabisa: "Mwanangu, nimekuongezea nauli."

Siku aliyotoa ilikuwa ya 23. Msinicheke, watu wa Tabora, nyie asali yenu haiulizi mwezi.

Na mimi nilijua! Nilimpigia wakala kabla ya kutuma. Nikamwambia mzee alitoa pesa akarudisha, kuna shida? Akacheka kwanza. "Mdogo wangu, salio limepanda, hiyo ndiyo nzuri zaidi, inaonyesha mzee ana biashara." Tarehe 5 Agosti tukatuma. Nikapanda treni hadi Dar kutoa alama za vidole, mgongo ukaumia, nikavumilia kwa sababu naenda Ulaya.

Barua ikaja mwisho wa Agosti. Imekataliwa. Wametaja tarehe zenyewe, 27 hadi 30 Julai. Siku nne za dagaa, mkuu. Ada ya viza pauni 490 haikurudi. Ile ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, ilirudishwa, namshukuru Mungu. Barua ya udhamini ya chuo, ile CAS, hutumika kwa ombi moja tu, kwa hiyo ikabidi niombe nyingine na kusogezwa hadi Januari. Kumwambia mzee nilishindwa siku mbili. Nilipomwambia aliuliza swali moja: "Kwani si nilirudisha?"

Wakala nikampigia. Hakucheka. Akasema angeweza "kunitengenezea" stetimenti nyingine ya benki, laki tatu. Hapo ndipo nilipomjua vizuri. Nyaraka ya kughushi ikigundulika hukataliwi tu, unaweza kufungiwa miaka 10. Kosa la mzee wangu lilinigharimu miezi minne, "msaada" wa yule bwana ungenila ujana wote. Sikupokea simu yake tena, ingawa kwa Idi bado ananitumia picha za maua.

Mara ya pili tulifungua akaunti mpya kwa jina langu, pesa ikaingia, kadi akaikalia mama. Si mfano wa maneno, aliishonea ndani ya mto wa kochi. Tuliacha ziada ya milioni mbili juu ya kiwango, maana wanabadilisha shilingi kwa pauni kwa bei ya siku unayotuma, na shilingi yetu mnaijua. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya msikiti, nikangoja hadi ya 31 kwa woga wangu tu. Viza ikatoka.

Ukitumia akaunti ya mzazi inaruhusiwa, ila weka cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Shamba la michikichi au ng'ombe hata awe navyo vingi havihesabiwi, wanataka pesa taslimu benki. Kikoba nacho usikitaje.

Kifua kikuu: unapima IOM (shirika la uhamiaji) Dar, cheti ni miezi sita, usipime mapema mno. Barua ya kujieleza... uliuliza nini vile? Na IELTS wadau wengine watakusaidia, mimi ile nilifanya zamani nimeshasahau.

Nijibu hili kwanza: pesa ya mzee imeingia akaunti tarehe ngapi, na mzee anauza nini? Kama ni tumbaku na malipo ya msimu yanapitia akaunti hiyohiyo, fungua nyingine kesho asubuhi. Stetimenti ikitoka nitumie inboksi, futa namba ya akaunti, nitahesabu mwenyewe siku moja moja.