Maswali ya Wasomaji: Wiki za Kwanza za Kuruta wa Jeshi la Anga

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, na pamoja na wenzangu wa kikundi cha sanaa hapa Igoma, Mwanza, tunaandaa mchezo wa kuigiza juu ya kijana aliyejiunga na Jeshi la Anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika andiko letu kijana anafika London Jumatatu, Jumanne anapewa sare, na Jumatano yuko angani anapambana na Wajerumani. Mzee mmoja aliyekuja kutazama mazoezi yetu, ambaye baba yake alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alitikisa kichwa akasema hakuna jeshi la namna hiyo duniani. Naomba utueleze kuruta wa jeshi la anga alifanya nini katika wiki zake za kwanza, na ilimchukua muda gani kuigusa ndege. Je, kijana wa Tanganyika angeweza kuwa mmoja wao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee huyo amesema kweli, na nawasihi mumsikilize kabla hamjaupeleka mchezo jukwaani. Kijana aliyeingia Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1941 au 1942 kwa nia ya kuwa rubani alikaa miezi bila kupanda ndege, na kwa muda mrefu aliziona ndege zaidi kwenye picha za darasani kuliko uwanjani. Wiki zake za kwanza zilikuwa wiki za miguu, kalamu na foleni. Nitazieleza kwa kirefu kwa sababu naamini mchezo wenu umo humo, na mmeuruka kwa haraka ya kufika mawinguni.

Kwanza kulikuwa na kungoja. Kijana alijitolea, akapimwa afya, akahojiwa na jopo la maofisa, akala kiapo, kisha akapewa beji ndogo ya kuvaa kifuani na kurudishwa nyumbani hadi aitwe. Wengi walingoja miezi kwa sababu nafasi za mafunzo zilikuwa chache kuliko vijana waliojitokeza. Beji ile ilikuwa na maana kubwa, kwani ilimwambia kila aliyemtazama mtaani kwamba kijana huyu mwenye nguvu zake hajakwepa vita.

Alipoitwa, tangu katikati ya mwaka 1941, aliripoti London, katika kituo cha kupokea makuruta kilichokuwa kwenye uwanja wa kriketi wa Lord's. Walilala katika majengo ya fleti yaliyotwaliwa na serikali karibu na bustani ya Regent's Park, na mara nyingi walikwenda kula katika mgahawa wa bustani ya wanyama ya London, wakipiga kwata barabarani kwenda na kurudi. Pale walikaa wiki mbili au tatu. Walinyolewa, wakachanjwa, wakapimwa macho ya gizani, wakafanya mtihani wa hesabu na kukabidhiwa vifaa: buti, kofia, barakoa ya gesi, uma na kijiko, pamoja na vitambulisho viwili vya shingoni, kimoja cha duara chenye rangi nyekundu na kingine cha kijani chenye pembe nane. Kila mmoja alipewa namba ya jeshi ambayo hakuisahau maisha yake yote. Siku ya mshahara jina lake lilipoitwa alijibu kwa kutaja tarakimu tatu za mwisho za namba hiyo, akasogea mezani, akapiga saluti na kupokea fedha zake.

Hapa napenda mtazame kitu kimoja kwa karibu, kwa maana jukwaani kitu kidogo husema zaidi ya hotuba. Koti la sare lilikuwa na vifungo vya shaba vilivyopaswa kung'aa kila asubuhi. Ukipaka dawa ya kung'arishia, nayo ikagusa kitambaa, inaacha doa, na koplo analiona doa hilo kabla hajakuona wewe. Kwa hiyo kila kuruta alikuwa na kibao chembamba chenye mwanya mrefu katikati. Alikichomeka nyuma ya vifungo ili kitambaa kibaki chini na vifungo vibaki juu, akasugua kimoja baada ya kingine, kisha akakichomoa polepole. Mpeni mwigizaji wenu kibao hicho mkononi na mwacheni asugue bila kusema neno kwa dakika moja. Nilipita JKT zamani, na hadi leo nikitandika kitanda mikono yangu inanyoosha pembe za blanketi yenyewe, bila mimi kuiamuru. Ndivyo wiki za kwanza za depo zinavyomwingia mtu.

Alama nyingine ni kipande cha kitambaa cheupe kilichochomekwa mbele ya kofia. Kilimtofautisha mwanafunzi wa urubani, au wa kazi nyingine za angani, na askari wa kawaida wa jeshi hilo. Kijana alikivaa kwa fahari kubwa, ingawa hadi siku hiyo hakuwa ameketi ndani ya ndege hata mara moja.

Baada ya London walipelekwa kwenye vikosi vya mafunzo ya awali, na vingi viliwekwa katika miji ya pwani ambayo wakati wa amani watu waliiendea kwa mapumziko: Torquay, Newquay, Scarborough, Aberystwyth. Hoteli zilitolewa mazulia na samani nzuri, na vyumba vya wageni wenye fedha vikajazwa vitanda vya chuma. Mafunzo haya yalidumu kati ya wiki sita na kumi na mbili hivi, kutegemea mwaka na mahitaji ya vita. Asubuhi ilikuwa mazoezi ya viungo na kwata, halafu darasa, halafu kwata tena. Walijifunza hali ya hewa, silaha, sheria za jeshi na usafi wa mwili. Walijifunza pia kuvaa barakoa ya gesi kwa haraka, na kupanda mtumbwi wa mpira kwa ajili ya siku ambayo ndege ingetumbukia baharini.

Somo la kutambua ndege lilikuwa la macho. Mwalimu alionyesha kivuli cheusi cha ndege kwa muda mfupi sana, akakiondoa, na kuruta akataja jina lake na kama ni ya kwetu au ya adui. Wale wanaokaa mwaloni Kirumba hawatashangaa, kwa maana mchuuzi wa dagaa huujua mtumbwi anaoungojea ungali nukta kwenye maji, kwa umbo lake na kwa mlio wa injini yake. Alama za Morse, yaani herufi zinazopelekwa kwa milio au kwa taa, zilifundishwa kwa sikio na kwa jicho: mlio mfupi na mrefu wa chombo cha darasani, kisha taa inayowaka na kuzimika kutoka mbali. Vijana wengi walisema alama hizo ziliwafuata hadi usingizini.

Somo lililowatenganisha watu lilikuwa kutafuta njia angani. Fikiria mtumbwi wa tanga unaotoka Mwanza kuelekea Ukerewe huku upepo ukivuma kutoka ubavuni. Nahodha mzoefu haelekezi omo kule anakokwenda, bali anauelekeza kidogo upande unakotoka upepo, na mwendo wenyewe unamfikisha. Ndege inayokwenda maili 150 kwa saa, ikipigwa na upepo wa ubavuni wa maili 30 kwa saa na rubani asijue, baada ya saa moja itakuwa maili 30 nje ya njia, na usiku wenye mawingu hakuna kisiwa cha kumwonya. Kuruta alifundishwa kuchora pembetatu kwenye karatasi: upande mmoja mwendo wa ndege, wa pili upepo, na wa tatu njia halisi juu ya ardhi. Aliichora mara mamia. Sisi wa Mwanza tunajua bomu likikosa linapokusudiwa linaangukia wapi, kwani mwezi Machi mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji wetu ilikosa shabaha, na mabomu yakaua wanyama kisiwani Saanane.

Mwishoni kulikuwa na mitihani, na hofu yake ndiyo ningeifanya kilele cha mchezo wenu. Aliyefaulu alipandishwa cheo, akashona alama ya pangaboi kwenye mkono wa koti na mshahara ukaongezeka. Aliyeshindwa alipelekwa kwenye kazi nyingine, na kitambaa cheupe kikatoka kwenye kofia. Nadhani hakuna tukio la vita angani ambalo kikundi cha Igoma kinaweza kuliigiza vizuri kuliko kijana anayekivuta kitambaa hicho kwa vidole viwili mbele ya wenzake wanaojifanya hawamwoni.

Ndege ilikuja baada ya hapo. Kuanzia mwaka 1942 waliofaulu walirushwa saa 12 hivi katika ndege ya Tiger Moth, yenye mabawa mawili na viti viwili vilivyo wazi, mwalimu akizungumza na mwanafunzi kwa mrija wa mpira wa kupitishia sauti. Kwa saa hizo chache iliamuliwa nani atakuwa rubani, nani atapima njia na nani ataangusha mabomu. Kisha wengi waliingia melini kwenda kumalizia mafunzo Kanada, Afrika Kusini au Rhodesia (Zimbabwe ya leo), mbali na ndege za adui. Rhodesia ilifungua shule yake ya kwanza mwezi Mei mwaka 1940. Kanada peke yake, chini ya mpango uliotiwa saini Desemba 1939, ilitoa wanaanga zaidi ya 131,000 wa mataifa mbalimbali.

Kuhusu kijana wa Tanganyika, kabla ya vita kanuni za jeshi hilo zilidai mwombaji awe wa asili ya Ulaya. Kizuizi hicho kiliondolewa Oktoba 1939 kwa muda wa vita, na baadaye vijana wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi wakaingia. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mpima njia katika ndege za mabomu, ndege yake ikaangushwa juu ya Ujerumani mwaka 1943, naye akashikwa mateka hadi vita vilipokwisha. Lakini wazee wetu wengi walipelekwa vitani kama askari wa miguu katika Keya, hadi Burma. Kwa hiyo nawashauri mhusika wenu atoke Trinidad, kama Ulric Cross, aliyejiunga mwaka 1941 na kuruka safari 80 za vita kama mpima njia. Cross alikuja baadaye kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, na hilo linawapa njia ya kuumalizia mchezo katika ardhi yetu bila kusema uongo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Musoma. Nimesoma kwamba mwaka 1940 Uingereza ilikuwa karibu kuishiwa marubani. Kwa nini basi iliwaweka vijana darasani miezi yote hiyo wakati vita vinawaka?

JIBU: Kwa sababu ilijaribu njia fupi na ikaona gharama yake. Katika majira ya joto ya mwaka 1940 baadhi ya vijana walipelekwa vikosini wakiwa na saa chache mno katika ndege za kivita, na wengi wao waliuawa katika safari zao za mwanzo. Foleni yenyewe pia ilirefusha muda, maana walimu, ndege na viwanja havikutosha. Kutoka kiapo hadi safari ya kwanza ya vita ulipita mwaka mmoja na nusu au zaidi. Hata hivyo mafunzo hayakuwa kinga. Katika kamandi ya ndege za mabomu walihudumu wanaanga wapatao 125,000, na 55,573 kati yao walikufa, wengine katika ajali za mafunzo kabla hawajamwona adui.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kirumba. Mwanangu wa pili ameitwa JKT mwezi uliopita na nyumba imekuwa kimya. Katika vita hivyo unavyoviandika mara kwa mara, wazazi walipata habari gani za watoto wao katika wiki za kwanza?

JIBU: Pole na kazi ya kungoja, mama. Walipata barua, kwa kuwa makuruta waliandika sana jioni wakiwa wamekaa kitandani, na mara nyingi waliandika juu ya chakula na buti zinazouma. Lakini kabla ya barua kulikuwa na kitu kingine. Kuruta alipopewa sare, nguo alizotoka nazo nyumbani hazikuwa na kazi tena. Alizikunja, akazifunga kwa karatasi na kamba, akaandika anwani ya kwao na kuzipeleka posta. Siku chache baadaye mama yake alifungua mlango akapokea kifurushi, na ndani akakuta shati, suruali na viatu vya mwanawe, vikiwa bado na umbo la miguu yake.